Shangingi la dizeli London: kulinunua rahisi, kuachana nalo kesi

"KAKA na shemeji, nasikia huko London mnayatupa mashangingi. La kwenu msilitupe. Lipakieni melini, sisi huku tupo."

Ujumbe huo wa simu ulitufikia Agosti 2023, ukitoka kwa mdogo wetu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi Dar es Salaam. Hakuwa amekosea sana. Siku chache baadaye, tarehe 29 Agosti, utaratibu wa kutoza magari yenye moshi mchafu jijini London, maarufu kwa kifupi chake cha ULEZ, ulipanuliwa na kufika kila manispaa ya jiji. Gari letu la familia, shangingi la dizeli lenye viti saba vya ngozi, likawa linadaiwa paundi 12.50 kwa kila siku litakayotia tairi barabarani.

Tangu tuachane nalo tumekuwa tukiulizwa swali moja kwa namna mbili. Ndugu walioko hapa Uingereza wanauliza: hivi dizeli bado inafaa kwa familia? Walioko nyumbani wanauliza: kwa nini hamkutuletea? Tumeona ni vema tuyajibu yote mawili kwa pamoja, kwani kwa kweli jibu la moja limo ndani ya jingine.

Ndoto ya utotoni

Kwa msomaji asiyetoka Tanzania, shangingi ni lile gari kubwa la kifahari linaloweza kupanda milima na kuvuka madimbwi, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa alama ya mkubwa serikalini au mtu wa shirika la misaada. Sisi tuliokua tukitembea kwa miguu kwenda shule tulilifahamu kwa vumbi lake. Linapita, vioo vimepandishwa, ndani kuna baridi ya kiyoyozi, nje tunajifuta macho.

Halafu mtu unakuja majuu. Unabeba maboksi, unafanya kazi za usiku, na siku moja unagundua jambo la ajabu: gari ambalo nyumbani anapanda waziri, hapa limetundikwa kwenye tangazo la magari yaliyotumika kwa bei ambayo hata wewe, kwa kubana matumizi miaka miwili, unaifikia. Magari ya kifahari hushuka bei haraka sana Uingereza. Anayelinunua jipya ndiye anayebeba hasara kubwa. Anayelinunua la miaka mitano anadhani ameokota dodo chini ya mwarobaini.

Sisi tuliliokota letu mwaka 2012. Lilikuwa limeandikishwa 2007, injini ya dizeli ya lita 3, rangi nyeusi. Hatutalitaja jina, kwani tunayosimulia hapa yangeweza kulipata lolote la aina yake.

Tusionekane kwamba tulitafuta sifa tu. Tulikuwa na watoto watatu wadogo, na sheria ya Uingereza inamtaka mtoto akae kwenye kiti chake maalumu mpaka atimize miaka 12 au afikie urefu wa sentimita 135. Jaribu kupanga viti vitatu vya namna hiyo nyuma ya gari la kawaida! Kimoja lazima kibaki nje. Ongeza bibi aliyekuja kutembea kwa miezi sita. Ongeza masanduku ya kupokea Heathrow, yakiwa na dagaa, unga wa muhogo na vitenge. Ongeza misiba ya Leicester na harusi za Reading, ambako huwezi kwenda peke yako wakati kuna ndugu wanne hawana usafiri.

Katika shughuli hizo gari lile lilikuwa mfalme. Ukijaza tangi unakwenda Manchester na kurudi bila kutia tena mafuta. Watoto wanalala nyuma kama wako kitandani. Theluji ikianguka, majirani wanasukuma magari yao, sisi tunapita. Tunalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba hatulizungumzii gari hili kwa chuki.

Serikali ndiyo iliyotuita

Watu wengi wanasahau kwamba dizeli haikuingia kwenye nyumba za Waingereza kwa bahati mbaya. Machi 2001, Gordon Brown akiwa Waziri wa Fedha, kodi ya mwaka ya magari mapya ilianza kupangwa kwa kiasi cha kaboni dioksaidi kinachotoka kwenye bomba la moshi. Hiyo ndiyo gesi inayolaumiwa kwa kupandisha joto la dunia. Injini ya dizeli hutumia mafuta kidogo kuliko ya petroli kwa safari ileile, kwa hiyo hutoa kaboni kidogo, na kwa hiyo kodi yake ikawa nafuu. Kampuni za magari zilichangamka, wanunuzi wakafuata. Kufikia mwaka 2012 takriban nusu ya magari mapya yaliyouzwa Uingereza yalikuwa ya dizeli.

Tatizo ni kwamba kaboni siyo uchafu pekee. Dizeli hutoa pia gesi za nitrojeni, ambazo hukereketa mapafu, pamoja na chembe za masizi ndogo mno zinazopenya hadi kwenye damu. Yaani nchi ilihangaikia hewa ya dunia nzima, ikasahau hewa ya mtaani. Septemba 2015 ndipo dunia ilipopigwa butwaa: Volkswagen ilikiri kwamba magari takriban milioni 11 yalikuwa na programu inayotambua kwamba gari liko kwenye kipimo, likajifanya safi, kisha likarudia uchafu wake likiwa barabarani. Tangu hapo dizeli haikuinuka tena. Siku hizi haifikii hata gari moja kati ya kumi mapya yanayouzwa nchini humu.

Na kwa mashangingi, hata ile nafuu ya kodi ilikuwa hadithi. Ukubwa wake ulimeza faida yote ya dizeli. La kwetu lilipita gramu 225 za kaboni kwa kilomita, ambalo ni daraja la juu. Hapo kuna siri ambayo wauzaji hawakuambii: gari la namna hiyo lililoandikishwa kabla ya tarehe 23 Machi 2006 halipandi kufika madaraja mawili ya juu kabisa ya kodi. La siku iliyofuata linapanda. La kwetu likiwa la 2007, mwaka wetu wa mwisho kodi yake ilikuwa inakaribia paundi 700. Kama tungenunua pacha wake wa Februari 2006, tungelipa pungufu kwa mamia ya paundi.

Hata wakubwa waliwahi kupambana juu ya magari haya, ambayo Waingereza huyakejeli kwa jina la matrekta ya Chelsea, kwa kuwa yanakanyaga lami ya mtaa wa matajiri badala ya matope ya shamba. Mwaka 2008 Meya Ken Livingstone alitangaza kwamba magari yanayotoa kaboni nyingi zaidi yatatozwa paundi 25 kwa siku kuingia katikati ya jiji. Porsche ikaenda mahakamani kupinga. Mei mwaka huo Livingstone akashindwa uchaguzi na Boris Johnson, naye Johnson akaufuta mpango huo. Wenye mashangingi wakashangilia. Haikuwadumu.

Taa ya njano

Gari la kifahari lililotumika lina tabia moja: bei yake ya kununua imeshuka, lakini bei ya vipuri haijashuka hata senti. Tairi moja la kwetu liligharimu karibu sawa na tairi tatu za gari dogo la jirani. Mifuko ya hewa inayolibeba ikitoboka, gari linalala chini kama ngamia, na bili ya fundi inakufanya nawe utamani kulala.

Lakini kilichotusumbua kuliko vyote ni filta ya moshi.

Magari ya dizeli ya miaka ya karibuni yana filta ndani ya bomba la moshi inayonasa masizi. Ikijaa, gari lenyewe hupandisha joto la moshi hadi nyuzi 600 hivi na kuyachoma masizi hayo yakawa majivu. Utaratibu mzuri kabisa, ila una sharti: gari lazima litembee kwa kasi ya kutosha kwa dakika 15 au 20 mfululizo. Anayeishi shambani na kufanya kazi mjini hata hajui kama filta hiyo ipo.

Sasa angalia maisha ya familia London. Shule iko umbali wa maili moja. Soko la Queens pale Upton Park, tunakopata ndizi na mihogo, ni maili tatu za foleni na taa nyekundu. Msikitini, kanisani, kwa daktari, kote ni hapohapo. Injini haijapata joto, umeshafika. Masizi yanajaa, hayachomwi, na taa ya njano inawaka kwenye dashibodi.

Fundi wetu, mzee wa Kisomali mwenye gereji Ilford, alitueleza bila kutupaka mafuta. "Ndugu zangu," alisema, "gari hili mnalitumia kama baiskeli. Lipelekeni barabara kuu."

Tukawa tunalipeleka. Usiku watoto wakishalala, mmoja wetu anashika barabara ya M11 hadi karibu na uwanja wa ndege wa Stansted, anageuza, anarudi Barking. Hana abiria, hana mzigo, hana anakokwenda. Anachoma mafuta ili gari liweze kuchoma masizi. Katikati ya mwaka 2022, dizeli ilipokaribia paundi 2 kwa lita, tuliketi mezani na karatasi tukahesabu safari hizo za bure. Hatukuimaliza hesabu.

Baadhi ya wenzetu walitushauri filta itolewe kabisa, ibaki bomba tupu. Tahadhari, msomaji: tangu Februari 2014 gari ambalo filta yake imeondolewa halipaswi kupita ukaguzi wa kila mwaka wa MOT, na kuliendesha barabarani ni kosa.

Mpaka uliokuja mpaka mlangoni

ULEZ ilianza tarehe 8 Aprili 2019, katikati ya jiji tu. Kwa kifupi, gari la petroli linatakiwa kufikia kiwango cha Ulaya namba 4, ambacho magari mengi yaliyoandikishwa tangu 2006 yanacho. La dizeli linatakiwa kufikia namba 6, ambacho kwa kawaida kinaanzia magari ya Septemba 2015. Maana yake petroli ya miaka ishirini inapita bure, na dizeli ya mwaka 2014 inaweza kutozwa. Wengi wa ndugu zetu hawakuamini mpaka walipoletewa barua.

Mwanzoni haikutuuma. Balozi zetu ziko huko katikati, ya Tanzania ikiwa Stratford Place karibu na Oxford Street. Siku tuliyokwenda kushughulikia pasi za watoto mwaka huo wa 2019 tulilipa paundi 12.50 za moshi na paundi 11.50 za msongamano, jumla 24, kabla ya maegesho. Tukajifunza kupanda treni. (Ada ya msongamano ilifika paundi 18 Januari 2026, kwa hiyo ukifanya kosa hilohilo sasa unatoa 30.50.)

Oktoba 2021 mpaka ukasogezwa hadi kwenye barabara za mzunguko, North Circular na South Circular. Sisi wa Barking tukajikuta nje kwa kuvuka daraja tu. Upande huu bure, upande wa pili, East Ham, ambako ndugu na maduka yetu yote yako, ni paundi 12.50. Na siku ya ULEZ inahesabiwa kutoka saa sita usiku hadi saa sita usiku. Nani amewahi kuona harusi ya Waswahili inayoisha kabla ya saa sita usiku? Unaingia ukumbini saa mbili, unatoka saa saba, umeshalipa siku mbili: paundi 25, mbali na mchango wa harusi. Ukisahau kulipa, faini ni paundi 180, nusu yake ukiwahi ndani ya siku 14.

Agosti 2023 mpaka ukatupita na kwenda zake hadi ukingo wa jiji. Gari linaloendeshwa siku 300 kwa mwaka sasa lilidai paundi 3,750, kiasi ambacho kilizidi bei ambayo mtu yeyote angetupa kwa kulinunua.

Si kila aliyelalamika alikuwa mkaidi. Miongoni mwetu kuna wauguzi na walezi wa wazee wanaoanza zamu saa kumi na moja alfajiri, kwenye mitaa ambayo basi halijafika, na magari yao ni ya zamani kwa sababu mishahara yao ni midogo. Julai 2023 chama cha Labour kilikosa kiti cha ubunge cha Uxbridge kwa kura 495, na hasira juu ya ULEZ ilitajwa kuwa sababu kubwa. Kamera zilikatwa nyaya usiku. Hata hivyo Meya Sadiq Khan hakurudi nyuma, na Mei 2024 wapiga kura wakamrudisha madarakani kwa mara ya tatu.

Mtoto wa Lewisham

Tungependa kusema kwamba ni fedha tu zilizotubadilisha. Haikuwa hivyo.

Februari 2013 msichana wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki dunia kwa pumu kali kusini mashariki mwa London. Nyumba yao ilikuwa Lewisham, karibu na barabara ya South Circular yenye magari usiku na mchana. Mama yake, Rosamund, alipigania ukweli kwa miaka saba, na tarehe 16 Desemba 2020 ofisa wa mahakama anayechunguza vifo alitamka kwamba hewa chafu ilichangia kumuua mtoto huyo. Hakuna mtu mwingine Uingereza aliyewahi kuandikiwa hivyo kabla yake. Mama aliiambia mahakama kwamba kama angeelezwa mapema, angehama.

Mtoto wetu wa pili ana pumu. Hatusemi imetokana na gari letu, hakuna daktari aliyetuambia hivyo. Lakini asubuhi moja ya baridi tulikuwa tumesimama nje ya shule, injini inanguruma ili ndani kuwe na joto, naye akiwa nje na pampu yake ya dawa mkononi anawangoja wenzake. Pale nyuma ya gari ndipo watoto wote walipokuwa wamesimama, na bomba la moshi lilikuwa usawa wa viuno vyao. Tulizima injini. Siku hiyo hatukuzungumza sana njiani.

Kusaga au kupakia?

Basi ujumbe wa Dar ukafika wakati sisi wenyewe tumeshachoka. Njia zilikuwa tatu.

Ya kwanza, kuliuza hapahapa. Dalali alitutajia paundi 900, na alituonyesha sura ya mtu anayetoa sadaka.

Ya pili, mpango wa jiji. Kuanzia tarehe 21 Agosti 2023 kila mkazi wa London mwenye gari lisilokidhi viwango aliweza kuomba paundi 2,000, kwa sharti kwamba gari lipelekwe kusagwa. Mpango huo ulifungwa Septemba 2024.

Ya tatu, kulipakia melini. Kenya haikuwezekana: hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda nayo tangu 2018 imezuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania inaruhusu, ila inatoza. Kwa utaratibu ambao TRA imeutumia kwa miaka mingi, kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi sisi 2,000, na nyongeza ya asilimia 30 kwa gari lililopita miaka 10, halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla yote. Piga hesabu, utaona kodi inapita thamani ya gari lenyewe. Na thamani hiyo TRA huikadiria kwa orodha yake, si kwa risiti yako.

Mdogo wetu hakutishika. Alikuwa na mnunuzi mkononi, tena alikuwa tayari kulipa kodi yote. Kwa hesabu tupu, Dar ingetupa fedha nyingi kuliko London.

Lakini filta ilikuwa imefika mwisho. Mpya ilikadiriwa zaidi ya paundi 1,400, na mnunuzi asingelipa. Tulimuuliza mdogo wetu itakuwaje. "Fundi atakikata, anatia bomba," akajibu. "Ndivyo wanavyofanya wote."

Tulipomwambia tumeamua kulisaga, alipiga simu badala ya kuandika.

"Kaka, gari linatembea! Viti vya ngozi! Mnalipeleka likakanyagwe kama kopo la bia? Huo moshi nyinyi mmeufukuza hewani miaka kumi na moja mkizunguka nalo harusini. Sasa zamu ya mwenzenu imefika, ndiyo mmekumbuka mapafu?"

Tulijaribu kumweleza habari za pumu. Akasema Dar malori yanatoa moshi mweusi kama kaa la mawe, gari moja litaongeza nini. Tukasema watoto wake wanatembea barabarani hapohapo. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Mnayoyakataa huko, huku ndiyo mapya yetu. Hilo msilisahau." Akakata simu.

Hatukuwa na jibu la kumshinda, na mpaka leo hatunalo. Ni kweli tulistarehe nalo kwanza, tukapata uchungu baadaye. Ni kweli paundi 2,000 za jiji zilitusaidia kuwa wema. Kitu kimoja tu tulikuwa nacho uhakika: gari ambalo hatukutaka lisimame nyuma ya watoto wa shule ya hapa, halikuweza kuwa zawadi kwa watoto wa shule ya kule, tena likiwa bila filta.

Tulilipeleka Septemba. Tulitoa viti vya watoto, kanga ya bibi iliyokuwa chini ya kiti, na tasbihi iliyokuwa kwenye kioo. Tukapewa cheti cha kuthibitisha limeharibiwa. Watoto walilia, na hata sisi hatukuwa mbali nao.

Kwa anayetaka kununua sasa

Tukabadili kwa gari la petroli la viti saba, la mwaka 2010, refu na la kawaida kabisa. Halina ngozi. Linapita kila kamera bure. Kwa wale ambao bado wanavutwa na shangingi la dizeli, tunawapa haya tuliyojifunza kwa fedha zetu.

Kwanza, usimwamini muuzaji anayesema "hili linaruhusiwa". Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya mamlaka ya usafiri ya London, TfL, kabla hujatoa hata senti. Yapo magari ya 2014 yanayopita.

Pili, tazama kodi ya mwaka kwa tarehe ya kuandikishwa, si kwa mwaka tu. Kwa yaliyoandikishwa tangu Aprili 2017, yenye bei ya zaidi ya paundi 40,000 yakiwa mapya hubeba nyongeza kwa miaka mitano, nalo deni hilo linamfuata mnunuzi wa pili.

Tatu, uliza manispaa yako kuhusu kibali cha kuegesha. Islington na nyinginezo zimekuwa zikiongeza ada kwa gari la dizeli.

Nne, jiulize unaendesha wapi. Kama kila wiki unakwenda Birmingham na kurudi, dizeli mpya ya kiwango cha 6 inaweza kukufaa. Kama safari yako ni shule, soko na ibada, filta itakufilisi.

Tano, unayetaka kutuma nyumbani, kumbuka kwamba nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni kuanzia 2015, wakati ya Ulaya ni 10. Injini hizi za kisasa zilitengenezwa kwa mafuta ya Ulaya.

Kuhusu hewa yenyewe, ripoti ya jiji ya Machi 2025 ilikadiria kwamba gesi ya nitrojeni dioksaidi kando ya barabara za London imepungua kwa asilimia 27 ukilinganisha na ambavyo ingekuwa bila ULEZ. Mtoto wetu bado ana pampu yake.

Mdogo wetu alitununia miezi miwili. Mwaka uliofuata akatutumia picha: amenunua shangingi lake kutoka Japani, la dizeli, jeupe, limeoshwa likametameta. Tulimpongeza kwa dhati. Kisha tukamwandikia: tafadhali, ile filta usiruhusu waitoe.

Akajibu baada ya dakika chache. "Fundi alishaitoa wiki iliyopita. Ilikuwa inawasha taa ya njano kila siku."

Wewe msomaji, ungekuwa sisi, ungelipakia?